Taratibu za Darasa la Kiswahili Kidato cha Kwanza: Wiki Mbili za Mwanzo, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiswahili aliyepewa mkondo wa wanafunzi 72 wa Kidato cha Kwanza, wakiwa wawili kwa dawati, kwa kipindi cha dakika 40. Mifano ni ya Dodoma na wilaya zake. Ukiwa Singida au Manyoni, kitakachobadilika ni majina ya vijiji. Hapa tumechukulia vipindi vitano kwa wiki. Ukiwa na pungufu, sogeza siku mbele lakini usiruke hatua.

Mtoto aliyetoka darasa la saba shule ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka yote saba. Sasa Fizikia, Jiografia na Hisabati vimegeuka Kiingereza, na kwa muda mwingi wa siku anakaa kimya akitafuta neno. Akiingia kwenye kipindi chako, mdomo unafunguka. Makelele ya somo la Kiswahili mara nyingi ni hayo tu: watu waliokuwa wamebanwa tangu asubuhi. Usiyapige vita, yatafutie mfereji.

Hatua ya 1: Panga kabla hawajaingia

Hesabu madawati mwenyewe, usitegemee orodha ya ofisini. Madawati 36 panga safu sita za madawati sita, ukiacha njia unayoweza kupita ukiwa na rundo la daftari mkononi bila kugonga mtu. Madawati matatu yanayofuatana katika safu moja ni kundi moja la watu sita, hivyo utakuwa na makundi 12. Yape namba 1 hadi 12 na uandike namba hiyo kwa chaki pembeni ya dawati la mbele la kila kundi. Namba hizi zitatumika kugawa vitabu, kukusanya daftari na kusahihisha, kwa hiyo usiyape makundi majina ya simba na chui.

Kila mwanafunzi awe na daftari mbili: kaunta buku kwa notisi za sarufi na fasihi, na daftari dogo la mistari la kuandikia tu. Wanaochanganya vyote kwenye kaunta buku moja hujikuta bila notisi kila unapozibeba kwenda kusahihisha. Asiye na uwezo wa kununua la pili agawe kaunta buku lake: mbele notisi, nyuma uandishi. Hilo mwambie pembeni, si mbele ya wenzake.

Hatua ya 2: Andika matarajio matano, yote yanayoonekana kwa macho

“Uwe na nidhamu” haifai, kwa sababu huwezi kusimama mlangoni ukaona nidhamu. “Ukiingia, keti na ufungue daftari la uandishi” unaiona kwa sekunde moja. Matano yanayotosha ni haya:

Ukiingia, keti, fungua daftari la uandishi, anza kazi iliyo ubaoni.
Mmoja akisema, wengine tunamtazama.
Ukipinga, pinga hoja. Sema kwanza mwenzako amesema nini.
Matamshi ya mtu hayachekwi.
Kazi inakusanywa ilivyo, hata kama haijaisha.

La nne ndilo litakalokupa kazi kubwa. Katika darasa moja la mjini utakuta mtoto mwenye lafudhi ya Kigogo kutoka Bahi, mwingine ya Kirangi kutoka Kondoa, na wengine waliohamia na wazazi wao kutoka Dar es Salaam ambao hudhani Kiswahili ni mali yao. Mtu akisoma “kura” ikatoka “kula”, kicheko kimoja kinatosha kumnyamazisha hadi mwezi wa sita. Siku ya kwanza kabisa eleza tofauti: tahajia tunaisahihisha kwenye daftari, lafudhi hatuigusi mtu anapokuwa anasoma. Wewe pia usimkatize msomaji katikati ya sentensi. Neno likiharibika, lirudie kwa usahihi baada ya aya kuisha, ukilielekeza kwa darasa zima.

Hatua ya 3: Fundisha kuingia kama unavyofundisha ngeli

Kipindi cha kwanza chote ni cha kuingia na kuketi. Simama mlangoni, waeleze, kisha watoe nje wapange mstari kwa makundi na waingie tena. Rudieni mara tatu. Mara ya kwanza itachukua dakika nne hivi. Mkifika dakika moja na nusu, acheni. Wengi hutangaza utaratibu mara moja, wakaridhika darasa likiitikia “ndiyo mwalimu,” na wiki ya tatu wanagomba. Kuitikia si kufanya.

Salamu iwe moja. Wakisimama wote, “Shikamoo mwalimu,” wewe “Marahaba, ketini,” basi. Darasa linaloongeza “karibu darasani kwetu, somo letu ni…” kwa wimbo linakula dakika nzima, na wimbo ukishaisha ni vigumu kuwarudisha chini.

Baada ya salamu, kazi ya ubaoni, dakika tano, kimya. Tatizo la kawaida ni kwamba ubao unaukuta umejaa milinganyo ya kemia. Teua wanafunzi wawili wa ubao: mmoja anafuta mwalimu aliyetangulia anapotoka, mwingine ananakili sentensi ya siku kutoka kwenye kikaratasi ulichompa asubuhi. Sentensi iwe na makosa matatu kamili, na wanafunzi waambiwe ni matatu. Mfano:

Watoto ameenda kisimani kwasababu maji ya bomba ya me katika.

Humo kuna kosa la upatanisho (wameenda), neno lililounganishwa bila haki (kwa sababu), na kitenzi kilichokatwakatwa (yamekatika). Makosa haya ndiyo utakayokutana nayo mwaka mzima, pamoja na “h” inayopotea, yaani “iyo” badala ya “hiyo”, na maandishi ya simu, “xaxa” na “cjui”. Usiweke makosa saba kwenye sentensi moja. Wataacha kusoma, wataanza kubahatisha.

Hatua ya 4: Ishara ya kimya

Sauti ya mwalimu haishindani na watu 72. Tumia kitu wanachokijua tangu utotoni:

“Kitendawili!”
“Tega!”

Wakishaitikia “tega,” kimya hujileta chenyewe, kwa kuwa sikio linasubiri. Ila ukiita lazima utege kweli. Ukiita mara mbili ukafuatisha “haya nyamazeni,” ishara imekufa. Andaa vitatu kwa siku, vifupi: “Nyumba yangu haina mlango,” jibu ni yai, “Popoo mbili zavuka mto,” macho. Wakishindwa, dai mji, nao wakupe mji wa karibu, Mpwapwa au Kongwa, kabla ya kuwapa jibu. Yote hayo yasizidi sekunde 20. Fanyeni zoezi hili katika kipindi cha pili: wape ruhusa waongee kwa makundi kwa dakika moja, ita, pima. Rudia mara tatu. Kama wanachukua zaidi ya sekunde tano kunyamaza, mara nyingi ni kwa sababu uliita ukiwa umegeukia ubao. Ita ukiwatazama.

Utakutana na wasiovijua. Waliolelewa mjini mara nyingi hawajawahi kutegewa, na hapo somo la fasihi simulizi limeshaanza bila wewe kulitangaza.

Hatua ya 5: Vitabu

Kitabu kimoja kwa watu sita ni hali ya kawaida, na kikiwa hivyo wanne hawaoni chochote. Afadhali makundi sita yasome na makundi sita yaandike, kisha mbadilishane dakika ya 18. Hapo vitabu 12 vinatoa viwili kwa kundi, watu watatu kwa kitabu, na watatu wanaweza kusoma.

Kila kitabu kiwe na namba ya kalamu ya wino kwenye jalada la ndani, na kila kundi liwe na karani. Makarani ndio pekee wanaosimama. Wanachukua vitabu, wanasaini kwenye daftari la vitabu, wanarudi. Dakika mbili kabla ya kengele wanarudisha na unahesabu mbele ya darasa kwa sauti. Vitabu hupotea kengele inapolia kabla hujahesabu, wala si kwa wizi: kimefunikwa na daftari la mtu, kimekwenda naye nyumbani Chamwino, na kurudi kwake ni majaliwa.

Kusoma kwa sauti kwa zamu, aya moja moja kuzunguka darasa zima, kuache. Mwanafunzi wa 40 anahesabu aya yake na hasikilizi nyingine. Katika kila watatu, mmoja asome, wa pili afuatilie kwa kidole, wa tatu asimulie aya hiyo kwa maneno yake, kisha wabadilishane.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Andika, mwambie jirani, liambie darasa. Dakika mbili, dakika mbili, dakika tano. Kuandika kunatangulia kwa sababu bila hivyo wanazungumza wale wanane waliozoea. Bandika mianzo mitatu ukutani: “Nakubaliana na … kwa sababu …”, “Sikubaliani na hoja kwamba …”, “Kwenye ukurasa wa … imeandikwa …”. Mwanzoni wataisema kama kasuku. Vumilia, mwezi wa tatu huanza kulainika.

Hatua ya 7: Uandishi na kusahihisha

Hapa ndipo walimu wengi huvunjika mgongo. Insha 72 kwa dakika sita kila moja ni zaidi ya saa saba, na una mikondo mingine. Ukiahidi kusahihisha zote kila wiki, wiki ya tatu utaanza kuweka vema nyekundu bila kusoma, na wanafunzi watajua kabla yako.

Sahihisha kwa kina makundi matatu kwa wiki. Daftari 18 kwa dakika sita ni dakika 108, na kwa wiki nne umewamaliza wote. Daftari nyingine 54 unazipitia kwa nusu dakika kila moja ukitafuta “kosa la wiki” tu, kwa mfano vitenzi vilivyokatwa. Liandike kosa hilo ubaoni Jumatatu ili wajue unachotafuta.

Usiwaandikie jibu sahihi. Weka herufi pambizoni mwa mstari wenye kosa: T kwa tahajia, N kwa nafasi kati ya maneno, U kwa upatanisho wa ngeli, A kwa alama za uandishi, M kwa maana isiyoeleweka. Kazi ya mwanafunzi ni kulitafuta kosa kwenye mstari huo na kuandika sentensi upya chini ya insha. Ukimrudishia daftari bila kumpa dakika kumi za kufanya hivyo darasani, hatafanya. Atatazama alama tu, kisha atafunga.

Kukusanya nako kuna njia yake. Daftari linatoka dawati la nyuma kwenda la mbele, likiwa wazi kwenye ukurasa wa kazi, karani anazilaza moja juu ya nyingine na kuleta rundo la sita. Daftari lililofungwa linakula sekunde kumi za kupekua. Kwa 72 ni dakika 12.

Mada za mwanzo ziwe za mambo wanayoyafanya kwa mikono: hatua za kupika mlenda, kupogoa mizabibu kwa watoto wa Hombolo na Mpunguzi, kupanda mtama. “Siku nisiyoisahau” inaleta ajali 72 za basi zinazofanana.

Hatua ya 8: Mvua, vumbi na wanaochelewa kuripoti

Shule hufunguliwa Januari, katikati ya masika yetu yanayoanza Desemba hivi hadi Aprili. Mvua ikipiga bati, hata kitendawili hakisikiki. Kuwe na ishara ya mkono: ukiinua daftari juu, wote wanafungua ukurasa wa mwisho na kuendelea na kazi ya akiba, maswali matano yaliyonakiliwa wiki ya kwanza. Juni hadi Agosti ni upepo, na anayekaa dirishani ndiye mwenye jukumu la kufunga bila kuomba ruhusa.

Kwa kuwa ni msimu wa kilimo, na wengine wanahangaikia sare, wanafunzi wataripoti kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usirudie maelezo mbele ya wote kila anapoingia mmoja. Mkabidhi kwa karani wa kundi lake, ambaye ana siku mbili za kumfundisha taratibu zote, kisha umuulize mgeni, si karani.

Hatua ya 9: Utaratibu ukivunjwa

Rudisha tendo lenyewe. Kundi limeingia kwa vurugu? Litoke, liingie tena. Mtu amecheka matamshi? Asome aya inayofuata. Ikirudiwa, mwite pembeni dakika mbili baada ya kipindi. Ikiendelea, kwa mwalimu wa darasa. Kufanya insha iwe adhabu, “andika mara mia moja sitapiga kelele,” ni kuharibu chombo chako cha kazi kwa mkono wako mwenyewe. Fimbo haina nafasi katika mpango huu.

Mgawanyo wa siku: kipindi cha 1 kuingia, cha 2 ishara ya kimya, cha 3 vitabu, cha 4 andika na mwambie jirani, cha 5 kukusanya daftari. Wiki ya pili fundisha somo la kawaida, ukichagua kila siku utaratibu mmoja wa kukagua na kuwaambia mwishoni walitumia muda gani. Baada ya likizo ya Juni, tenga kipindi kimoja kurudia hatua ya 3 hadi ya 5. Watakuwa wamesahau zaidi ile ya vitabu.