Uzito Umegoma Kushuka: Panga Upya Chakula na Mazoezi

Somo hili ni la mtu aliyekwisha kupungua, kisha mizani ikasimama palepale ingawa bado anajinyima na bado anatoka jasho. Wengi wakifika hapa hukata chakula hadi wabaki na chai na tunda, au huongeza mazoezi maradufu. Naomba usifanye hivyo. Kinachotakiwa ni kupiga hesabu upya, maana hesabu uliyoanza nayo ilikuwa ya mwili ambao huna tena.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli umekwama

Wiki moja au mbili si kukwama. Chumvi nyingi, mazoezi mapya yanayoacha misuli ikiuma, na siku za kuelekea hedhi, vyote hushikilia maji mwilini, na maji yana uzito. Jipime asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, mara tatu au nne kwa wiki, kisha uchukue wastani. Akina dada walinganishe na siku zilezile za mzunguko uliopita. Pima na kiuno kwa tepu ya fundi cherehani. Wastani na kiuno visiposogea kwa wiki nne, endelea na somo.

Hatua ya 2: Hesabu mahitaji ya mwili wa leo

Tumia kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Zidisha kilo zako kwa 10, ongeza urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Hizo ndizo kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia tu. Kama kazi yako ni ya kukaa na unatembea kidogo, zidisha jibu kwa 1.375 upate makadirio ya siku nzima.

Chukua mama wa miaka 36 mwenye urefu wa sentimita 160. Alipokuwa na kilo 92 alihitaji kama kalori 2,170 kwa siku. Sasa ana kilo 81, na anahitaji kama 2,020. Kalori 150 zimeondoka kwenye mahitaji yake, naye bado anapakua sahani ileile.

Juu ya hapo mwili hubana matumizi wenyewe. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa wiki 24. Miili yao ilipunguza matumizi ya nguvu kupita kiasi ambacho kupungua kwao kungeeleza. Walikuwa wachovu, baridi inawasumbua, na mawazo yao yote yako kwenye chakula. Ndiyo maana sikubali mtu ajishushe hadi kalori 800 au 900 kwa uamuzi wake mwenyewe.

Upande wa mazoezi nako kuna funzo, tena la majirani zetu sisi wa Uganda. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa Tanzania, watu wanaotembea sana kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu wanazotumia kwa siku hazikuzidi za watu wa mijini Marekani na Ulaya. Mwili hufidia: ukiuchosha sana huku, hupunguza kule. Mazoezi tunayahitaji kwa moyo, sukari, usingizi na misuli, lakini yakiachwa peke yake hayaivunji mizani iliyogoma.

Hatua ya 3: Pima mafuta na karanga kwa wiki moja

Hapa ndipo nataka ukae sana, kwa sababu kwa chakula chetu cha Uganda jibu huwa hapa mara nyingi.

Matoke yanalaumiwa bure. Yakipikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba hayana mafuta, na gramu 300 zina kama kalori 350. Tazama kinachomwagwa juu yake. Nusu kilo ya karanga ina takriban kalori 2,800. Sufuria hiyo ya binyebwa (mchuzi wa karanga) ikiliwa na watu watano, kila mmoja amekula kama 560 kabla ya kuhesabu matoke yenyewe. Sisemi uache binyebwa. Pima karanga kabla hazijaingia sufuriani, ujue fungu lako.

Mafuta ya kupikia: kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120, na mkono ukimimina bila kipimo hauishii kijiko kimoja. Weka alama kwenye chupa Jumatatu. Lita moja ina zaidi ya kalori 8,000. Nyumba ya watu wanne ikiimaliza kwa wiki, kila mtu anakula karibu 290 za mafuta kila siku, na hakuna aliyeyaona kwenye sahani.

Ongeza sukari ya chai (vijiko vitatu vidogo kwa kikombe ni kama kalori 50 au 60) na soda ya mililita 500, ambayo ni karibu 200. Posho (ugali) pima ukiwa bado unga: gramu 100 ni kama 360.

Hatua ya 4: Punguza kidogo, ongeza kidogo

Toa kalori 150 hadi 200 kwenye chakula, na zitoke kwenye mafuta, sukari na chapati. Maharage na dodo (mboga ya majani, mchicha) usivipunguze. Mwanamke asishuke chini ya 1,200, mwanamume chini ya 1,500, bila usimamizi wa mhudumu wa afya.

Kisha ongeza kutembea. Mtu wa kilo 81 akitembea kilomita 5 hutumia kama kalori 200 zaidi ya ambazo angetumia akikaa. Shuka kwenye teksi (basi dogo la abiria) kabla ya kituo chako, umalizie kwa miguu.

Hatua ya 5: Linda misuli

Mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za ukutani, kunyanyua jerikeni ya lita 10 (maji yake ni kilo 10). Protini iwe kama gramu 1.2 kwa kila kilo yako. Yai lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, gramu 100 za ngege (samaki aina ya sato) aliyepikwa kama 26. Mukene (dagaa) ni rahisi na una protini nyingi, ila usiukaange. Mwenye tatizo la figo amwulize daktari kwanza.

Fuata mpango huu wiki tatu au nne kabla ya kubadilisha chochote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nafunga Jumatatu na Alhamisi lakini sipungui. (Bombo)*

Funga yako ni ibada, iendelee. Shida hutokea kwenye futari. Ukifuturu kwa sambusa, chapati na chai ya sukari, unaweza kurudisha zote ulizoziacha mchana. Anza na maji na tende, kisha mlo wa kawaida wenye samaki au maharage.

*Nakimbia kilima cha Naguru, saa ya mkononi inasema nimechoma 800. Naweza kula rolex (chapati iliyoviringwa na mayai)? (Ntinda)*

Kaka, saa hizo mara nyingi hukosea. Kadiria kalori moja kwa kila kilo yako kwa kila kilomita unayokimbia: mtu wa kilo 70 kwa kilomita 6 ni kama 420. Rolex ya mayai mawili na chapati kubwa yenye mafuta inaweza kuzidi hapo. Kula, lakini iwe ndiyo chakula chako cha asubuhi, isiwe nyongeza.

*Nina kisukari na natumia glibenclamide. Nifuate hatua hizi? (Arua)*

Mzee wangu, usipunguze chakula wala kuongeza mazoezi kabla ya kuongea na kliniki yako. Dawa hiyo inaweza kushusha sukari kupita kiasi ukila kidogo, na huenda dozi ikahitaji kubadilishwa. Vivyo hivyo kwa anayechoma insulini.

*Uzito ulianza kupanda nilipoanza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Niiache? (Jinja)*

Dada, sindano hiyo kweli huwaongezea baadhi ya wanawake uzito. Usiiache kimyakimya ukapata mimba usiyoipanga. Nenda kituo cha afya, mwambie mhudumu, mchague njia nyingine pamoja.

*Ndugu wananiuliza kama naumwa, na kila nikienda kijijini wananijazia sahani. (Masaka)*

Naelewa uzito wa jambo hili. Miaka ya 1980, kule Rakai na Masaka, UKIMWI uliitwa "slim", na wazee walizika watoto wao waliokonda. Hofu yao ni upendo. Waambie mapema kwamba umeamua kupungua kwa ajili ya presha au magoti, kisha jipakulie mwenyewe: dodo na maharage kwanza, matoke kiasi, binyebwa vijiko viwili.