Kabla ya kukaza injini ya ndege ya rimoti, pima tangi

Wenzangu mnaorusha ndege za rimoti huku Mbeya, kabla hamjakaza boliti za injini, pimeni kimo cha tangi. Katikati ya tangi pawe usawa mmoja na sindano ya kabureta (skrubu inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini), au chini yake kidogo tu. Likikaa juu mno, mafuta yanajimwaga yenyewe. Likikaa chini mno, injini inakosa mafuta ndege ikiinua pua. Ubao wa mbele unaofungiwa injini upakeni epoksi (gundi ngumu isiyopitisha mafuta), mafuta yasilainishe plaiwudi.

Halafu huku tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Sindano iliyorekebishwa Dar es Salaam itailewesha injini mafuta, yaani itaipa mafuta mengi kupita hewa iliyopo. Ifungeni sindano hiyo kidogo kidogo injini ikishapata joto, nanyi mkiwa nyuma ya propela, tafadhali sana.