Macho yakiwasha kila asubuhi, kagua mashina ya kope

Kama matone ya aleji hayasaidii, tazama chini na umwombe mtu akumulikie kope za juu kwa tochi ya simu. Akiona ukoko mweupe umezunguka shina la ukope kama soksi iliyoshuka, mshukiwa wa kwanza ni demodeksi, utitiri wa takriban milimita 0.3. Tongotongo la kawaida hutoka ukinawa. Ukoko huu hung'ang'ania.

Usitaharuki. Watu wazima wengi wanao bila shida yoyote, na si dalili ya uchafu. Taabu huja wakizidi: kingo za macho huvimba, kope hudondoka. Usoni, utitiri huu huhusishwa na rosasea, ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu na vipele, ambao kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hudhaniwa chunusi tu.

Kanda macho yaliyofumbwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 5 hivi, kisha safisha mashina taratibu kwa pamba. Fanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa, maana mayai huendelea kuanguliwa. Wanja wa zamani tupa, na usiazimane. Mafuta ya tea tree (mafuta ya mmea ambayo wengine huyatumia dhidi ya utitiri) yasiyozimuliwa yasikaribie jicho, yanaunguza! Ukianza kuona kwa ukungu au kupata maumivu, nenda kwa daktari wa macho.