Umeruka marejesho ya mkopo? Anza na deni ambalo bado halijaoza

Kama umeruka rejesho la mwezi mmoja au miwili au hata mitano, ile hali ya kuona namba usiyoijua inapiga na tumbo linakaza naijua vizuri. Mimi kazi iliisha ghafla nikiwa na kadi ya mkopo na mikopo mingine miwili, na karibu mwaka mzima nikawa nalipa kwa kubahatisha. Kosa langu kubwa halikuwa kukosa hela, maana hela kweli haikuwepo, kosa lilikuwa kwamba kile kidogo nilichopata nilikuwa nampa yule anayepiga simu sana. Deni lililokuwa limeshaoza miezi minne nalilisha kila wiki, alafu deni ambalo lilikuwa zima, limechelewa siku kumi tu, nikaliacha nalo lioze. Nikaishia na madeni matatu mabovu wakati ningeweza kubaki na moja.

Kwahiyo kabla ya kitu chochote chukua karatasi. Sio kichwani, karatasi au noti za kwenye simu, andika kila deni, unadaiwa na nani, kiasi gani, rejesho la mwezi ni ngapi, tarehe ya kulipa ni lini, na hapa ndo pa muhimu, limechelewa siku ngapi mpaka leo. Andika pia kama lina dhamana, yaani wakichoka kusubiri wanaweza kuchukua nyumba au gari.

Hizo siku ndo zina siri ya mambo yote. Mkopeshaji kwa kawaida kila mwezi anapeleka taarifa zako kwa kampuni zinazotunza historia za mikopo, na kuchelewa kunahesabiwa kwa mafungu, siku 30, siku 60, siku 90 na kuendelea, na kila ukivuka fungu doa linazidi kuwa zito. Marekani kwa mfano ukichelewa siku 12 unapigwa faini na mkopeshaji lakini kwenye ripoti yako ya mikopo, ile inayotolewa na kampuni hizo, kwa kawaida haiendi mpaka zifike 30. Kwingine mikopo midogo ya kwenye simu inaweza kuripotiwa mapema zaidi, kwahiyo soma mkataba au uliza. Deni lenye siku 20 bado unaweza kuliokoa lisiache alama kabisa. Deni lenye siku 200 alama yake ishakaa, ukilipa leo au ukilipa baada ya miezi miwili tofauti yake ni ndogo kuliko unavyodhani (riba na faini zinaongezeka, sikatai, na tutalirudia).

Mpangilio ninaoutetea mimi ni huu. Chakula, kodi ya nyumba na umeme kwanza, maana ukilipa deni alafu ukakopa tena kwa ajili ya chakula hujafanya kitu. Pili deni lenye dhamana ambayo huwezi kuishi bila hiyo. Tatu yale ambayo hayajafika siku 30, hata kama ni rejesho la chini kabisa tu, lipa hilo yabaki salama. Nne yaliyo kati ya 30 na 90, uyarudishe kwenye mstari kabla hayajahesabiwa kuwa mikopo mibovu, kwasababu siku 90 ni mpaka unaotumika na benki nyingi sana duniani. Yaliyooza yanakuja mwisho, hata kama ndo yanayopiga kelele kuliko yote.

Sasa simu. Piga wewe kabla hawajakupigia, na piga kabla ya tarehe sio baada, maana mteja ambaye bado hajachelewa ana nafasi kubwa ya kusikilizwa. Usianze kusimulia maisha yako yote, yule aliyepokea ana fomu mbele yake na anataka vitu vitatu, nini kimetokea, unaweza kulipa ngapi, kuanzia lini. Sema kitu kama "kipato changu kimepungua tangu mwezi uliopita, rejesho kamili siwezi kwa sasa, naweza kulipa nusu kila tarehe 5 kwa miezi minne, mna utaratibu gani wa kupanga upya mkopo?" Uliza kama wanaweza kusogeza tarehe iwe baada ya siku unayopokea mshahara, hili watu wengi hawajui kama linawezekana na mara nyingi linakubaliwa. Alafu uliza swali ambalo mimi sikuuliza na likanigharimu: ndani ya kipindi hiki cha makubaliano, akaunti yangu mtairipoti vipi? Maana unaweza kukubaliwa kulipa nusu, ukalipa kwa uaminifu kila mwezi, kumbe kwenye ripoti unaandikwa umechelewa kila mwezi kwasababu mkataba wa zamani haukubadilishwa. Mimi ndicho kilichonipata, miezi mitatu nalipa nikijua nimeokoka.

Na chochote mtakachokubaliana kiwe kwa maandishi. Imeili inatosha. Wakikataa kutuma wewe watumie, "kama tulivyoongea leo saa nne, mmekubali hivi na hivi", uhifadhi. Na usiahidi kiasi cha kumfurahisha mtu wa kwenye simu. Ukiahidi kikubwa ukakosa mwezi wa pili makubaliano yanavunjika, na mara ya pili hawakusikilizi tena, bora uahidi kidogo kinachouma kidogo na ukitimize.

Kwa yale yaliyooza kabisa, cha kwanza omba mchanganuo wa deni: mtaji ni ngapi, riba ngapi, faini ngapi. Bila huo unaweza kulipa mwaka mzima na kila senti inakula faini na riba huku mtaji uko palepale. Ukishauona una cha kuombea, manake kwenye deni la zamani wakopeshaji wengi wako tayari kusamehe faini na sehemu ya riba ukija na mkupuo, wao wanachotaka ni mtaji wao urudi. Kama deni limeshauzwa kwa wakusanya madeni, usilipe kwa sababu tu mtu amepiga simu akataja jina lako, omba uthibitisho kwamba deni ni lako, ni kiasi hicho, na wao wana haki ya kulidai. Ni haki yako kuuliza. Na kama deni ni la miaka mingi, fahamu kwamba nchi nyingi zina ukomo wa muda wa kudai mahakamani, na baadhi ya sehemu ukilipa hata kidogo au ukikiri kwa maandishi saa inaanza kuhesabu upya, kwahiyo kwa deni kongwe ongea kwanza na mshauri wa madeni au wakili kabla hujatoa hata mia.

Neno moja linawachanganya sana watu, "kufutwa". Benki ikisema imefuta deni kwenye vitabu vyake haimaanishi umesamehewa, maana yake wao kwenye hesabu zao wameliandika kama hasara, ila bado wanakudai na wanaweza kuliuza. Kusamehewa ni barua inayosema hudaiwi tena. Ukimaliza kulipa dai barua hiyo, na uangalie imeandikwa nini, kwasababu "amelipa deni lote" na "amelipa sehemu, iliyobaki imesamehewa" havisomeki sawa kwa mkopeshaji anayefuata. Ya pili bado ni bora kuliko deni lililo wazi, mimi moja nililimaliza hivyo na sijutii, lakini ujue unachosaini.

Baada ya hapo agiza ripoti yako. Sehemu nyingi sheria inakupa angalau moja bure kwa mwaka, Kenya iko hivyo, Uingereza ni bure, Marekani sasa unaweza kuiona bure kila wiki. Kuangalia ripoti yako mwenyewe hakupunguzi alama zako za mkopo, yaani ile namba wanayotumia kupima kama wewe ni mlipaji mzuri, wanaoogopa hili ni wengi na wanakaa miaka bila kuangalia. Kama kuna kampuni zaidi ya moja zinazotunza taarifa, angalia zote, kwasababu mkopeshaji anaweza kupeleka huku asipeleke kule. Pitia mstari kwa mstari. Deni ulilomaliza linaonekana bado linadaiwa? Tarehe ya kuchelewa ya kwanza ni sahihi? Deni moja limeorodheshwa mara mbili, kwa mkopeshaji wa kwanza na kwa mkusanya madeni, yote yakidai? Kuna mkopo wa mtu mwenye majina kama yako? Na kama ulimdhamini mtu akashindwa, deni lake linaweza kuwa limekaa kwako. Ukikuta kosa peleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni ya taarifa na kwa mkopeshaji wote wawili, ambatanisha risiti. Marekani kwa kawaida wanatakiwa kuchunguza ndani ya siku 30. Ila doa la kweli halifutiki kwa malalamiko, hapo usipoteze nguvu.

Alafu ndo kujenga. Nikupe mfano wa FICO ya Marekani, mfumo mmoja wa kupiga hesabu ya hizo alama za mkopo, kwasababu wao wameweka wazi uzito wa kila kitu: asilimia 35 ni historia ya kulipa, 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni urefu wa historia yako, 10 mikopo mipya na 10 mchanganyiko wa aina za mikopo. Kwingine hesabu ni tofauti lakini viwili vya kwanza karibu kila sehemu ndo vinabeba mzigo, na ndo vilivyo mikononi mwako.

La kulipa kwa wakati usilitegemee kichwa chako. Weka malipo yajikate yenyewe benki kwa kile kiwango cha chini, siku mbili baada ya mshahara kuingia, kinachozidi ulipe mwenyewe kwa mkono. Ila hakikisha hela ipo siku hiyo maana malipo yakigonga akaunti tupu unaweza kulipishwa faini pande zote mbili. Na kulipa kiwango cha chini peke yake kunalinda rekodi lakini deni halishuki, sehemu kubwa inaenda kwenye riba.

Kwenye kadi wanaangalia unatumia sehemu gani ya kikomo ulichopewa. Kikomo elfu 10 ukiwa umetumia elfu 9 unaonekana umebanwa hata kama hujawahi kuchelewa. Ushauri wa kawaida ni kubaki chini ya asilimia 30 na ukishuka zaidi ndo bora. Kadi ya zamani uliyomaliza kuilipa usikimbilie kuifunga kama haina ada ya mwaka, maana ukiifunga kikomo chako cha jumla kinapungua na asilimia inapanda. Kama lakini unajijua kwamba ikiwepo utaitumia, ifunge, alama zitarudi.

Kama kila mtu anakukatalia, kuna kadi au mikopo midogo ya kuweka amana, unaweka hela yako kama dhamana na kikomo kinakuwa kiasi hichohicho. Uliza kwanza kama wanaripoti malipo yako, wasiporipoti haikusaidii. Iwekee bili moja tu ya kila mwezi, ilipe yote, basi. Usiombe mikopo mitano ndani ya wiki mbili kujaribu bahati, kila ombi linaandikwa kwenye ripoti na anayesoma anaona mtu aliyekwama. Na mkopo wa haraka wa kulipia mkopo mwingine uwe tu kama riba yake ni ndogo kweli na umepiga hesabu mpaka rejesho la mwisho.

Anayekwambia anasafisha jina lako kwa ada ndani ya wiki, mkimbie. Yote anayoweza kufanya kihalali unaweza kuyafanya bure, na Marekani sheria ya 1996 inakataza kabisa kuchukua hela kabla kazi haijakamilika.

Muda ndo hauna njia ya mkato. Malipo yaliyochelewa yanakaa kwenye ripoti miaka 7 Marekani na miaka 6 Uingereza, lakini usikate tamaa kwa hizo namba, doa la miaka mitatu iliyopita lenye miezi 30 safi juu yake halisomwi kama doa la mwezi jana. Mimi mwaka wa kwanza sikuona mabadiliko ya maana, wa pili nikapata mkopo mdogo kwa riba ya kawaida.

Na kila unapomaliza deni weka alamu kwenye simu siku 45 mbele, siku hiyo fungua ripoti uangalie kama wamebadilisha. Mimi moja walisahau, nikatuma ile barua ya kumaliza deni, na wiki ya pili ikarekebishwa.