Jinsi ya Kuitoa Teknolojia ya Poda za Metali Maabara na Kuifikisha Kiwandani

Mtafiti aliyefaulu kutengeneza kilo chache za poda safi ya titani amethibitisha kwamba jambo linawezekana. Kinachobaki, na ndicho kigumu zaidi, ni kuonyesha kwamba poda ileile itapatikana kila tanuri linapowashwa, kwa bei ambayo mnunuzi ataikubali. Kwa hiyo mtafute mnunuzi kwanza, kabla ya kuagiza mtambo mkubwa.

Mahitaji ya mnunuzi ndiyo yatakayoamua hesabu zako. Mashine zinazounda vipuri kwa kuyeyusha poda kwa leza kwa kawaida hutumia chembe za mikromita 15 hadi 45 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na zile za mwali wa elektroni hutumia za mikromita 45 hadi 106 hivi. Upuliziaji wa gesi, ambapo argoni au naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa huivunja metali iliyoyeyuka kuwa matone, hutoa chembe za ukubwa tofauti sana. Ukiyeyusha kilo 100 na zikafaa kilo 30 tu baada ya kuchekecha, kilo hizo 30 zitabeba gharama ya metali, gesi na umeme wote, isipokuwa umempata mnunuzi wa chembe zilizobaki. Miradi mingi huhesabu gharama kwa kilo iliyoyeyushwa, na hapo ndipo matumaini yasiyo na msingi huanzia.

Kila mkupuo, yaani poda inayotoka katika uzalishaji mmoja, upimwe kwa namna ileile. Katika kipimo cha faneli ya Hall, gramu 50 za poda huachwa zipite kwenye tundu la milimita 2.5 hivi huku muda ukihesabiwa: chembe za mviringo hutiririka kama mchanga mkavu, lakini zenye vijichembe vilivyonata pembeni, au zilizoshika unyevu, hukwama. Pima oksijeni pia, kwa kuwa kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo eneo la kushika oksijeni linavyoongezeka. Kwa aloi ya Ti-6Al-4V, yaani titani iliyochanganywa na alumini na vanadi, kikomo cha kawaida ni asilimia 0.20, na cha daraja safi zaidi ni 0.13. Hifadhi sampuli ya kila mkupuo.

Panga pia fedha za safari ndefu. Njia ya FFC (herufi za kwanza za majina ya wagunduzi wake, Fray, Farthing na Chen), inayoondoa oksijeni kwenye oksidi ya titani kwa umeme ndani ya kloridi ya kalsiamu iliyoyeyuka, iligunduliwa Cambridge na kuchapishwa katika jarida la Nature mwaka 2000. Kampuni ya Metalysis ilianzishwa mwaka 2001 ili kuiendeleza kibiashara, na mwaka 2019 ikaingia katika ufilisi ingawa kemia yenyewe ilikuwa thabiti. Ni vyema kujenga kiwanda cha majaribio chenye ukubwa wa kati na kukiendesha hadi kitoe mikupuo inayolingana, hata kama wawekezaji wanaharakisha.

Usalama usanifiwe pamoja na mtambo. Vumbi la titani na alumini huweza kulipuka kwa cheche ndogo ya umeme tuli, hivyo vyombo vyote viunganishwe na ardhi. Titani inayowaka isimwagiwe maji, kwa kuwa hutoa hidrojeni. Argoni nayo huisukuma hewa na kumkosesha mtu pumzi bila harufu yoyote, kwa hiyo funga vipima-oksijeni karibu na sakafu, inakotuama.

Mnunuzi akishaidhinisha poda, vigezo vyote vifungwe: ukibadilisha kipulizio au msambazaji wa malighafi, mjulishe na urudie vipimo kabla ya kumpelekea shehena nyingine.