Jaribu Urea Kwenye Vipande Kabla ya Ekari Nzima

Masika yakikaribia, wakulima wa Muheza, Korogwe na Handeni huulizana: mwaka huu tubadilishe nini? Mtu ananunua mbegu mpya, anaongeza urea, anabananisha mashina, na mvua nayo inakubali. Anavuna zaidi. Msimu unaofuata anagharamia vyote vitatu tena, hajui kilichomwongezea magunia ni mbegu, ni urea, ni nafasi au ni mvua tu. Huenda kimojawapo kinamla fedha bure kila mwaka.

Kazi ya jaribio la shambani ni kutenganisha mambo hayo. Chagua moja unalotaka kulijua, lingine lolote libaki sawa. Tuseme ni urea ya kukuzia mahindi. Mbegu itoke mfuko mmoja, ipandwe siku moja, sentimita 75 kwa 30, shina moja kila shimo. Palizi ifanyike siku moja. Viwavijeshi wakivamia, piga dawa vipande vyote. Tofauti iwe urea peke yake, na cha kupima mwishoni ni uzito wa punje kavu.

Wengi hupotea kwa kulinganisha mavuno ya mwaka huu na ya mwaka jana, au shamba lao na la jirani. Mvua zetu za vuli na masika hazifanani mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kipande kisicho na urea lazima kiwe shamba hilo hilo, msimu huo huo. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, jaribio la ngano lililoanza 1843 bado linaendelea, na hadi leo kuna sehemu isiyotiwa mbolea kabisa. Najua inauma kuacha mahindi yakiwa ya njano huku mfuko wa urea uko ndani. Lakini kipande hicho ndicho kitakachokuambia urea imeongeza nini.

Ardhi yenyewe pia hudanganya. Palipokuwa na zizi, kichuguu kilichosawazishwa, kivuli cha michungwa, bondeni ambako rutuba huteremkia: mahali kama hapo mahindi hustawi au hudumaa bila kujali ulichoweka. Ndiyo maana jozi moja ya vipande haitoshi. Tenga jozi tatu, kila kipande mita 10 kwa 10. Zote pamoja ni karibu sehemu moja ya saba ya ekari. Vipande viwili vya jozi vikae ubavu kwa ubavu, katika usawa mmoja wa mteremko, na kati yake uweke njia na tuta dogo ili maji yasihamishe urea. Kisha rusha sarafu kuamua kipi kipate. Ukichagua kwa macho, mkono utaipeleka mbolea penye udongo mzuri.

Kama kipimo chako ni mfuko wa kilo 50 kwa ekari, kila kipande kinahitaji kilo 1 na robo. Ifukie udongo ukiwa na unyevu, kwa sababu urea iliyoachwa juu hupotea hewani.

Ukitaka kujua mbegu na urea kwa pamoja, kila seti iwe na vipande vinne: mbegu ya zamani bila urea, ya zamani na urea, mpya bila urea, mpya na urea. Mara nyingine mbegu mpya haionyeshi tofauti mpaka ipate mbolea, na hilo huwezi kuligundua kwa vipande viwili.

Vuna mita 8 kwa 8 za katikati tu, maana mistari ya pembeni hupata mwanga na nafasi zaidi. Kausha vyote kwa kiwango kimoja, pukuchua, pima. Kilo 1 hapo ni sawa na kilo 63 kwa ekari. Zidisha ziada kwa bei ya mahindi, toa gharama ya urea na vibarua. Jozi zote tatu zikielekea upande mmoja na faida ikibaki, nunua. Mbili zikipanda na moja ikishuka, weka fedha na urudie jaribio wakati wa vuli.