Kuandaa modeli ya kiyeyushi kwa mwamba usiolingana: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa anayeandaa modeli ya kompyuta ya VAPEX, njia ya kutoa mafuta mazito ardhini iliyoelezwa na Butler na Mokrys mwaka 1991. Mvuke wa propani au butani, ndio kiyeyushi, huingizwa kwenye kisima cha ulalo, mafuta mazito hupungua mnato, kisha hushuka kwa mvutano wa dunia hadi kisima cha pili kilichochimbwa chini yake.

Kabla ya yote, usirithi kijuujuu modeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mvuke wa maji. Tabaka la mwamba-tope likiuzuia mvuke huo, joto bado hupita, kwa kuwa mwamba wenyewe hulipitisha. Kiyeyushi sharti kipite vitunduni na kugusa mafuta. Hata kikiyagusa, molekuli zake huyapenya polepole mno kuliko joto linavyosambaa.

Hatua ya 1. Anza na kore, yaani sampuli ya mwamba iliyotolewa kisimani. Andika kila utando wa tope, hata wa sentimita chache, maana vipimo vya kisimani huweza kuuruka. Pima upenyezaji (urahisi wa kimiminika kupita mwambani) wa wima peke yake. Huo ndio unaoamua mafuta yatashukaje.

Hatua ya 2. Kokotoa kipimo cha Dykstra-Parsons, kinachoonyesha upenyezaji unavyotofautiana mwambani. Panga thamani za upenyezaji kuanzia kubwa, zichore kwenye grafu ya logi na uwezekano, kisha soma ya 50% na ya 84.1%. Tuseme ni milidarsi (kizio cha upenyezaji) 3000 na 900: tofauti ni 2100, igawe kwa 3000, unapata 0.7. Sifuri ni mwamba unaolingana kabisa. Ukikaribia 1, umevurugika sana.

Hatua ya 3. Usiishie kwenye namba hiyo. Panga upya tabaka zote utakavyo, itabaki 0.7, ilhali uzalishaji utabadilika. Utando mpana ulio juu kidogo tu ya kisima cha kuingizia huzuia chemba ya kiyeyushi (eneo lililojaa mvuke wake) isipande. Utando mfupi ulio mbali juu huzungukwa tu. Wengi hujifariji kwamba tabaka zenye upenyezaji mkubwa zitafidia. Mimi siamini: katika fomula ya Butler na Mokrys uzalishaji hufuata kipeuo cha pili cha upenyezaji, kwa hiyo mwamba unaopenyeza mara nne zaidi hutoa mara mbili tu.

Hatua ya 4. Tengeneza ramani nyingi za tabaka za mwamba zenye kipimo kilekile cha Dykstra-Parsons, ila ubadilishe urefu wa tabaka. Ramani moja, hata ipendeze vipi, ni bahati nasibu.

Hatua ya 5. Punguza ukubwa wa seli, yaani vipande ambavyo modeli huugawa mwamba. Seli kubwa huchanganya kiyeyushi na mafuta papo hapo, jambo lisilotokea ardhini. Fanyia kazi kipande cha pande mbili (2D) kwanza: gawa seli nusu kwa nusu mpaka jibu liache kuhama.

Hatua ya 6. Hesabu kiyeyushi kilichobaki chini, si mafuta pekee. Ndicho kinachokula faida. Asfalteni (sehemu nzito kabisa ya mafuta) inayoganda pale propani inapokolea iongeze baadaye, ramani zikishatulia. Mwisho, kwenye kila ramani, iga pia kushusha shinikizo baada ya uzalishaji: kiyeyushi kilichonaswa nyuma ya tope huchelewa kurudi, na kingine hakirudi kabisa.